Mguu Umeteguka au Umevunjika? Jipime Kabla Hujaamua Kufunga Duka

Leo siongelei faida wala mzunguko wa hela. Naongelea kitu ambacho hukiandiki kwenye daftari la hesabu, lakini siku kikigoma biashara nzima inalala. Ni mguu wako.

Angalia kazi zetu zilivyo. Mwenye duka anasimama toka saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku. Muuza mitumba anazunguka na mzigo begani toka Majengo mpaka Chanji, anarudi Kizwite. Mama wa dagaa anashuka kwenye fuso lililotoka Kasanga, giza halijaisha. Kijana wa kupakua anateremka na gunia la mahindi mgongoni, anakanyaga ubao mmoja mwembamba. Hakuna hata mmoja wetu anayetafuta hela akiwa amekaa. Halafu uweke na mji wetu wenyewe: Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 toka usawa wa bahari, na mvua ikianza Novemba inaenda mpaka Aprili. Udongo ukishalowa unateleza kama sabuni. Unageuka tu na ndoo ya mchele, mguu unakunjika, umekaa chini.

Hapo ndo tatizo linapoanza, maana wengi wetu tuna majibu matatu tu. Wa kwanza anasema "itapoa", anaendelea kuchechemea dukani. Wa pili anaenda kukandwa na maji ya moto na kuchuliwa mpaka analia. Wa tatu anaogopa, anachukua hela ya mzigo yote anaenda kupiga picha, anaambiwa hajavunjika. Wote watatu wamebahatisha. Na kwenye biashara unajua, ukibahatisha na mtaji mdogo unaumia.

Kuna namna ya kujipima ambayo haina gharama yoyote. Mimi si daktari, nina duka la vyakula tu na nimeishia kidato cha nne. Lakini jambo hili nimelisoma na kuwauliza wahudumu wa afya kwa sababu nimeona linavyomaliza mitaji ya watu hapa kwetu. Naomba usome mpaka mwisho, na ikiwezekana ihifadhi kwenye simu.

KWANZA: TUELEWANE MANENO

Kuteguka na kuvunjika sio kitu kimoja. Kwenye kifundo cha mguu mifupa imefungwa pamoja na kamba ngumu, wataalamu wanaziita ligamenti. Mguu ukijikunja, mara nyingi nyayo inageukia ndani, na kamba za upande wa nje zinavutika kupita kiasi. Zikivutika au kuchanika, hapo umeteguka. Kuvunjika ni pale mfupa wenyewe unapopata ufa au kukatika. Mguu mmoja toka kifundo kushuka una mifupa 26, kwa hiyo sehemu za kuvunjika ni nyingi.

Sasa futa haya kichwani, maana yanadanganya watu kila siku:

"Naweza kusogeza vidole, basi sijavunjika." Si kweli. Mtu anaweza kuchezesha vidole vyote na mfupa una ufa.

"Umevimba sana, basi umevunjika." Si kweli. Kuteguka kunaweza kuvimba kama chungu na kuwa kweusi, na mfupa uko salama. Na ufa mdogo unaweza kuvimba kidogo tu.

"Nilisikia mlio, kah!" Mlio unaweza kutoka kwenye ligamenti inayochanika au kwenye mfupa. Peke yake haukuambii kitu.

Hata madaktari wenyewe macho hayawatoshi. Kulikuwa na daktari bingwa wa mifupa wa Liverpool, Uingereza, anaitwa Robert Jones. Huyu aliumia mguu akiwa anacheza dansi. Alidhani ni kano imekatika. Mwenzake alipompiga picha ya eksirei ikaonekana mfupa wa upande wa kidole kidogo umevunjika. Akaandika habari hiyo mwaka 1902, na mpaka leo mvunjiko wa aina hiyo unaitwa kwa jina lake. Sasa kama bingwa wa mifupa alikosea mguu wake mwenyewe, mimi na wewe tusijiamini kwa kuangalia tu.

PILI: DALILI ZA KWENDA HOSPITALI MOJA KWA MOJA

Ukiona mojawapo ya hizi, usijipime wala usisubiri kesho. Mwambie mtu abaki na duka, au funga, nenda:

1. Mguu umepinda au umekaa vibaya kuliko ulivyo siku zote.
2. Kuna kidonda kirefu karibu na mfupa, au mfupa unaonekana.
3. Vidole vimekuwa vya baridi, vimepauka au vimekuwa vya bluu, au huvihisi ukivigusa.
4. Maumivu yanazidi kupanda kila saa, ngozi imekaza na kung'aa.
5. Umeanguka toka juu (kwenye lori, ngazi, dari) ukatua kwa visigino. Hapa kisigino kinaweza kuvunjika, na uti wa mgongo nao unaweza kuumia siku hiyohiyo. Kama mgongo unauma, sema ukifika.
6. Umesikia kama umepigwa teke nyuma ya mguu juu ya kisigino, ukageuka hakuna mtu, na sasa huwezi kusimama kwa vidole. Hiyo ni kano kubwa ya nyuma, inaweza kuwa imekatika.

TATU: KIPIMO CHENYEWE

Kipimo hiki kilitengenezwa Ottawa, Kanada. Daktari Ian Stiell na wenzake walikitangaza mwaka 1992. Sababu yao inafanana kabisa na shida yetu: watu wengi walioumia kifundo walikuwa wanapigwa picha, na wengi wao hawajavunjika. Hela na muda vinapotea. Wakatafuta maswali machache yanayoweza kumchuja mtu. Kimejaribiwa nchi nyingi tangu hapo, na sifa yake kubwa ni kwamba mara chache sana kinamwacha mtu aliyevunjika.

Kina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza, hatua nne. Jiulize: pale pale nilipoumia, niliweza kutembea hatua nne? Na sasa hivi, naweza kutembea hatua nne? Hatua nne maana yake kila mguu unakanyaga mara mbili na kubeba uzito. Kuchechemea kunaruhusiwa. Kama huwezi kabisa, hapo uende ukapige picha.

Sehemu ya pili, kubonyeza mfupa. Kaa chini, vua kiatu na soksi. Tumia ncha ya kidole, bonyeza mfupa wenyewe, sio nyama iliyovimba. Kuna sehemu nne:

1. Mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo. Bonyeza ncha yake ya chini, kisha ukingo wake wa nyuma kupanda juu kama sentimita 6, upana wa vidole vitatu hadi vinne. Zingatia neno nyuma. Mbele ya mfupa huo ndipo ligamenti ilipo, na karibu kila aliyeteguka anaumia hapo. Maumivu ya mbele hayakuambii umevunjika.

2. Mfupa unaotokeza upande wa ndani. Vilevile: ncha ya chini, na ukingo wa nyuma kupanda.

3. Ukingo wa nje wa wayo. Pitisha kidole toka kidole kidogo cha mguu kurudi kisigino. Katikati ya safari utakuta mfupa umetokeza kidogo. Bonyeza hapo.

4. Upande wa ndani, juu ya uwayo, mbele kidogo ya mfupa wa ndani unaotokeza. Kuna mfupa pale juu ya upinde wa mguu. Bonyeza.

Kama hata sehemu moja kati ya hizi nne inauma ukibonyeza mfupa, kapige picha. Kama hakuna inayouma na hatua nne unazitembea, uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana. Unaweza kujitunza nyumbani na hela ya mzigo ikabaki mahali pake.

Kuna watu kipimo hiki hakiwafai, waende wakaonwe tu:

- Mwenye kisukari au ganzi ya miguu. Huyu anaweza kukanyaga mfupa uliovunjika asihisi.
- Aliyekunywa pombe. Subiri mpaka akili itulie, au mpeleke.
- Mtoto mdogo. Mifupa yake bado inakua na inaumia kwa namna nyingine, tena hawezi kukueleza vizuri.
- Mtu ambaye mguu umevimba mpaka huwezi kuupata mfupa kwa kidole.
- Aliyeumia siku 10 zilizopita au zaidi na bado hajapona.
- Mjamzito. Aende, na aseme ni mjamzito kabla ya kupigwa picha.

Vidole navyo vina habari yake. Kidole kidogo kikigongwa na kretI ya soda mara nyingi kinafungwa pamoja na jirani yake, ukiweka pamba katikati, kinapona kwa wiki 4 hadi 6. Kidole gumba ni kitu kingine, kinabeba uzito wa mwili unapotembea. Kikiumia vibaya kaonwe.

Na hii wengi hawaijui: ukiona weusi wa damu chini ya uwayo, katikati, usipuuze. Inaweza kuwa mifupa ya katikati ya mguu imeachana. Inaonekana ndogo lakini ikiachwa inamfanya mtu achecheme maisha.

MAMA WA DAGAA

Nawapa mfano mmoja wa jirani yangu, jina naliacha. Ni mama anayeuza dagaa na migebuka mikavu, ananunua kwa watu wanaopandisha toka ziwani. Mwezi wa tatu, mvua za jioni, akateleza kwenye mtaro akiwa na beseni kichwani. Dagaa hazikumwagika, mguu ukakunjika.

Nilimkuta baada ya wiki kama tatu amekaa kwenye ndoo, kandambili moja ameikata kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipimie mchele kilo mbili, siwezi kuja huko."

"Mguu bado tu?"

"Umeteguka. Nimeukanda, nimechuliwa mara nne. Mchana unapoa, usiku unauma mpaka nasikia kwenye meno."

Nikamwomba abonyeze ukingo wa nje wa uwayo, pale katikati. Aligusa, akarudisha mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi uende ukapige picha, mimi nitakaa na meza yako mpaka saa sita." Hakutaka. Alisema kesho mzigo unaingia. Ndipo tukakaa tukapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii, ifanye na wewe kwa namba zako. Tuseme meza inakupa faida ya 8,000 kwa siku, siku sita za wiki. Kufunga siku moja ni 8,000, ongeza nauli na gharama ya picha. Inauma, ndiyo. Lakini mfupa uliovunjika mara nyingi unahitaji kama wiki 6 kutulia, uende leo, uende mwezi ujao. Ukichechemea nao wiki tatu, mara nyingi wiki hizo hazihesabiwi. Unaanza upya siku unayofungwa. Yule mama alikuwa ameshapoteza nusu ya mauzo kwa siku 18. Hata kama ni 4,000 tu kila siku, hiyo ni 72,000 iliyoondoka bila kununua chochote. Na hela ya kuchuliwa haimo humo.

Alienda. Mfupa ulikuwa umevunjika, palepale alipogusa. Akafungwa plasta ngumu, ile P.O.P, akapewa magongo. Binti yake akashika meza. Lakini kuna mama lishe wawili waliokuwa wanachukua dagaa kwake kila Jumatatu, kipindi kile cha kuchechemea walishahamia kwa mwingine, na mmoja hajarudi mpaka leo. Mguu umepona. Mteja hakupona.

NNE: UMETEGUKA TU, UFANYE NINI?

Siku tatu za kwanza:

Pumzisha. Usibebe mzigo, usitembee umbali usio na lazima. Kama lazima ufungue duka, kaa kwenye kiti, mguu ulioumia weka juu ya kreti iliyopinduliwa. Vitu vinavyouzwa sana (sukari, chumvi, sabuni, vocha) visogeze mkono unapofika.

Inua. Ukilala weka mto chini ya mguu, uwe juu kuliko kifua. Uvimbe unashuka.

Funga. Nunua bandeji ya kuvutika duka la dawa. Anza karibu na vidole, panda mpaka juu ya kifundo. Ikaze kiasi. Vidole vikianza ganzi au baridi, umekaza mno, fungua. Usiku ilegeze.

Baridi. Chukua kandoro ya barafu kwa jirani mwenye friji, ifunge kwenye kitambaa, weka dakika 10 mpaka 20, toa. Rudia baada ya saa mbili au tatu. Usiweke barafu kwenye ngozi tupu, inaunguza. Huna friji? Mwezi wa sita na wa saba hapa Ufipa maji ya beseni yaliyolala nje yanatosha kabisa. Baridi inapunguza maumivu tu, haiponyi. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, aliyeeneza ushauri wa barafu mwaka 1978, baadaye mwenyewe alisema barafu ikizidi inaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo ukikosa usihangaike.

Maumivu. Panado inatosha wengi. Mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, subiri saa 6 kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa siku. Mwenye shida ya ini aulize kwanza. Diklofenaki na ndugu zake mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo asijinunulie tu.

Usifanye haya siku tatu za mwanzo: maji ya moto, kuchuliwa, pombe. Ndani kuna mishipa midogo inavuja damu. Ukiweka moto unaifungua, uvimbe unaongezeka. Najua hili linagusa malezi yetu, wengi tumekandwa tangu utotoni, na wazee wanafanya kwa upendo. Lakini kama kuna ufa ambao hamjaujua, kuchua kunaweza kusogeza mfupa uliokuwa umekaa vizuri.

Kuanzia siku ya tatu au nne, anza kuuchezesha. Kuulaza mguu ulioteguka mwezi mzima ni kosa lingine, unakakamaa na kuwa dhaifu. Ukiwa umekaa, andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z. Tembea kadiri maumivu yanavyoruhusu. Ukifika wiki ya pili, shika kaunta, simama kwa mguu mmoja ule ulioumia sekunde 30, mara kadhaa kwa siku, wakati unasubiri wateja. Hii ndiyo inayozuia mguu usiteguke tena, maana ulioteguka mara moja unapenda kurudia.

Kuteguka kidogo kunapona wiki moja hadi mbili. Kwa kati, wiki 3 hadi 6. Ligamenti ikichanika yote inaweza kuchukua miezi. Rudi kubeba magunia pale tu unapoweza kutembea haraka bila kuchechemea na kusimama kwa vidole vya mguu huo bila maumivu. Na kama siku 5 mpaka 7 zimepita hakuna nafuu yoyote, nenda, hata kama kipimo kilisema hujavunjika.

TANO: UNADHANI UMEVUNJIKA?

Usikanyage. Vua kiatu taratibu kabla uvimbe haujakibana. Chukua boksi la sabuni au la biskuti, likunje liuzunguke mguu na kifundo, weka nguo laini ndani, funga kwa kanga juu na chini, sio palepale panapouma. Mguu uliopinda usiunyooshe, ufunge ulivyo. Kidonda kifunike kwa kitambaa safi. Kama umepinda au una kidonda usile kwanza mpaka uonwe, huenda ukahitaji kulazwa usingizi wa dawa.

Kwenye usafiri, tafuta bajaji au gari. Bodaboda mguu ukining'inia kila shimo ni pigo jipya.

Zahanati nyingi hazina eksirei. Watakusaidia kufunga na kukupa rufaa. Kwa mtu wa Muze, Mtowisa au Laela, usipoteze siku tatu ukizunguka, ulizia mapema sehemu yenye mashine inayofanya kazi. Mjini Sumbawanga kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa na ile ya Dkt. Atiman.

Usiogope kwamba kila kuvunjika ni upasuaji. Mivunjiko mingine midogo inapona kwa kiatu kigumu na magongo. Mingine inafungwa P.O.P. Ile iliyohama sana ndiyo inarekebishwa kwa vyuma. Ukifungwa P.O.P: usiilowanishe, usichokonoe ndani kwa kijiti, inua mguu. Vidole vikivimba sana, vikiwa vya baridi au ganzi, au inabana kupita kiasi, rudi siku hiyohiyo hata usiku. Usisubiri tarehe ya kliniki. Ukisikia muundi wa nyuma, ile nyama laini, umevimba na kuuma, au pumzi inakata ghafla, hiyo ni dharura.

SITA: WANAOTEMBEA SIKU NZIMA

Machinga wenzangu, mfupa unaweza kuvunjika bila kuanguka. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya kutembea sana. Baadaye eksirei zikaonyesha ni ufa kwenye mifupa ya uwayo. Sisi tunabeba mzigo na kutembea kama wale askari. Dalili yake: maumivu sehemu moja juu ya uwayo, yanakuja ukitembea, yanapungua ukipumzika, wiki baada ya wiki yanawahi zaidi. Punguza mzunguko, badili kiatu, kapimwe.

SABA: ANDAA BIASHARA KABLA MGUU HAUJAKUNJIKA

1. Andika bei zote kwenye daftari, za kununua na za kuuza. Siku ukilala mtu mwingine auze bila kukupigia simu kila dakika.

2. Awepo mtu mmoja unayemwamini anayejua duka lako. Mzoeshe hata nusu siku kwa wiki.

3. Tenga hela kidogo ya dharura, isichanganyike na ya mzigo. Hata 500 kwa siku ni 15,000 kwa mwezi.

4. Ulizia bima. CHF iliyoboreshwa iliwekwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nenda kituo cha afya cha karibu uulize viwango vya sasa na kama picha ya eksirei imo.

5. Kandambili ziache nyumbani wakati wa mvua. Kiatu cha kufunga chenye meno chini, hata cha mtumba, ni kifaa cha kazi kama mizani.

6. Usipandie kreti kufikia rafu ya juu, tafuta ngazi. Kwenye kupakua, weka mbao mbili badala ya moja, na usibebe mzigo unaokuzuia kuona unapokanyaga.

7. Mtaro ulio mbele ya duka ufunike. Mteja akivunjikia hapo utampoteza yeye na jina lako.

Kwa kifupi: dalili za hatari, nenda. Hakuna dalili za hatari, jipime hatua nne na sehemu nne. Ikikataa, kapige picha mapema. Ikikubali, pumzisha, inua, funga, halafu anza kuuchezesha. Maji ya moto na kuchua, hapana.

Leo usiku ukifunga duka, vua viatu, zitafute zile sehemu nne kwenye mguu wako mzima ukiwa huna maumivu. Ukizijua sasa, siku ya kuumia hutababaika. Na mtumie mwenzako wa jirani sokoni, hasa yule anayechechemea na kusema itapoa.

Biashara njema.